Je, Aliyerudi Mikono Mitupu Amefanya Kazi?

Swali letu la safari hii ni la zamani kama uvuvi wenyewe. Mtu akitoka jioni na chombo chake, akawasha taa, akakesha, akatupa wavu na kuuvuta mara nne au tano, kisha alfajiri akarudi mwaloni bila dagaa hata wa kujaza sahani, tuseme amefanya kazi au amepoteza usiku? Mama anayesubiri pesa ya unga nyumbani ana jibu lake, nasi hatumlaumu. Lakini swali lina upande wa pili: mtu huyo akiulizwa alichopata, aseme nini? Simoni wa Galilaya hakuona haya kumweleza Bwana kwamba walikesha bure. Wengi wetu tungelipamba jibu kidogo.

Tumelikumbuka swali hili kwa sababu ya wavuvi wa namna nyingine, walio mbali sana na Kibirizi na Katonga. Wako juu ya barafu ya Greenland na ya Ncha ya Kusini. Wamefukia antena za redio ndani ya barafu, nao wanangoja kitu ambacho kwa njia hiyo hakijanaswa hata mara moja. Kazi hiyo ina zaidi ya miaka 20 sasa. Kila baada ya muda huandika ripoti yao, yenye kurasa nyingi za hesabu, na ukiifupisha ripoti hiyo inasema: hatukupata.

Yafaa kwanza tueleze wanachokitafuta. Kinaitwa nyutrino. Ni chembe ndogo mno isiyo na chaji ya umeme, na uzito wake ni mdogo kiasi kwamba mizani ya kuupima haijapatikana. Jua letu hutoa nyutrino nyingi ajabu: katika eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hupita kiasi cha bilioni 60 kila sekunde, mchana na usiku, kwa maana usiku hutoka upande wa pili wa dunia na kuja kupitia ardhi chini ya miguu yetu. Hatuzihisi, wala hazitudhuru, kwa sababu karibu zote hupita bila kugusa chochote. Mtaalamu Wolfgang Pauli alipoifikiria chembe hii kwa mara ya kwanza mwaka 1930, alikuwa na shaka kama mtu atapata kuinasa. Ilinaswa mwaka 1956 huko Marekani, karibu na mtambo wa nyuklia. Tena Afrika haikukaa kando ya habari hii. Mwaka 1965, katika mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita tatu chini ya ardhi, Frederick Reines na J. P. F. Sellschop walinasa nyutrino zilizozaliwa angani wala si mtamboni. Mwaka huo huo wenzao wa India walifanya vivyo hivyo katika mgodi wa Kolar.

Zile zinazotafutwa barafuni si za jua, bali ni za kutoka mbali zaidi, tena zenye nguvu kubwa mno. Wataalamu wanajua kwamba huko angani kuna mahali fulani panaporushwa chembe kwa nguvu isiyo ya kawaida. Mwaka 1991, katika jimbo la Utah, ilipimwa chembe moja, ndogo kuliko atomi, iliyokuja na nguvu sawa na jiwe la gramu 150 lililotupwa na kijana mwenye mkono mzuri. Ilitoka wapi? Hakuna awezaye kusema, maana chembe zenye chaji hupindishwa njiani na nguvu za sumaku, zikafika kwetu kama mgeni aliyepotea njia mara kumi. Nyutrino haipindishwi. Ikifika, imekuja kwa mstari ulionyooka kutoka huko ilikozaliwa. Kwa hiyo ni shahidi mwema, isipokuwa ni shahidi adimu, na ili kumpata inatakiwa karai kubwa sana la kumngojea.

Karai hilo laweza kuwa la maji. Wanafunzi wetu wa zamani watakumbuka kwamba Ziwa Tanganyika, lenye mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina, na la kwanza ni Baikal huko Urusi, lenye mita 1,642. Ndani ya Baikal, kina cha karibu kilomita moja, zimening'inizwa kamba zenye vioo vya kuonea mwanga, na mafundi huziteremsha wakati wa baridi wakiwa wamesimama juu ya maji yaliyoganda. Nyutrino ikigonga atomi ya maji, mara moja moja hutokea mmweko hafifu wa buluu. Ncha ya Kusini nako, mwaka 2010, Wamarekani na wenzao wa mataifa mengi walimaliza kufukia vionea-mwanga 5,160 katika barafu ya ukubwa wa kilomita moja kila upande, kwa gharama ya dola milioni 279. Mtambo huo uitwao IceCube ulinasa, na mwaka 2013 ukatangaza, nyutrino za kwanza zenye nguvu kubwa kutoka mbali. Moja iliyofika tarehe 22 Septemba 2017 ilielekezwa kwenye galaksi ambayo mwanga wake husafiri kiasi cha miaka bilioni 4 mpaka kufika kwetu.

Lakini zile zenye nguvu kupita zote ni adimu hata kwa karai la namna hiyo, na kuongeza karai kwa vioo vya mwanga ni ghali, kwa kuwa mwanga ndani ya barafu hutawanyika baada ya makumi machache ya mita. Hapo ndipo redio inapoingia. Mwaka 1962 Gurgen Askaryan, mtaalamu wa Kisovieti mwenye asili ya Armenia, alipiga hesabu kwamba nyutrino kali ikigonga kitu kizito kama barafu, itazaa manyunyu ya chembe, nayo manyunyu hayo yatazoa elektroni njiani mpaka yawe na chaji hasi nyingi kuliko chanya, kisha yatatoa mshindo mfupi mno wa mawimbi ya redio. Mwaka 2006 jambo hilo lilijaribiwa huko California kwa bonge la barafu la zaidi ya tani 7, likaonekana kuwa kweli. Na barafu ya baridi kali huyapitisha mawimbi ya redio kwa umbali wa kilomita moja hivi. Maji huyameza, kwa hiyo ziwa letu, pamoja na kina chake chote, halifai kwa kazi hii. Antena moja yaweza kulinda eneo kubwa la barafu, na antena si kitu cha gharama. Ndiyo sababu wakaanza kuchimba: mtambo wa ARA huko Ncha ya Kusini, antena zake zikifika mita 200 chini, na huko Greenland, tangu mwaka 2021, mtambo wa RNO-G, antena zikifika mita 100 katika barafu yenye unene wa kilomita tatu, na umeme wake ukitoka kwenye sola. Wengine, wa mtambo wa ANITA, hawakuchimba. Walirusha puto mara nne kati ya mwaka 2006 na 2016, juu zaidi ya kilomita 35, wakawa wanaisikiliza barafu ya Antaktika kutoka huko juu.

Basi wanasikiliza. Shida ni kwamba ulimwengu haunyamazi. Wavuvi wetu wanajua kwamba mbalamwezi ikiwaka taa ya chombo haina kazi, dagaa hawakusanyiki. Kule barafuni kuna mbalamwezi za namna nyingi: ndege inayopita, mashine za kambi, hata theluji inayopeperushwa na upepo mkali huzalisha umeme kidogo unaolia katika antena. Katika mamilioni ya milio hiyo, mmoja waweza kufanana sana na ule unaotafutwa. Na mtu aliyengoja miaka 20, mwenye wafadhili wanaouliza na vijana wanaotaka kumaliza masomo yao, ataushika mlio huo kwa mikono miwili.

Wanachofanya ili wasijidanganye ndicho kilichotuvutia kuandika makala haya. Aghalabu huchukua sehemu moja tu katika kumi ya milio iliyorekodiwa, wakaitumia kutunga masharti: mlio wa namna hii tutaukubali, wa namna ile tutaukataa. Sehemu tisa zilizobaki hawazichungulii. Masharti yakishakamilika, wakajadiliana na kukubaliana, ndipo wanazifungua zile tisa, na litakalotoka hulipokea. Hawana ruhusa ya kurudi nyuma na kuyalegeza masharti kwa sababu matokeo hayakuwapendeza. Kwa maneno mengine, hawauamini moyo wao wenyewe mbele ya kitu wanachokitamani, na wameweka kufuli kabla ya tamaa kufika mlangoni.

Sisi tuliofundisha miaka mingi katika vyuo vya ualimu tunakijua kile wanachokiogopa. Kila mwaka huja lile zoezi la pendulo: jiwe dogo, uzi, saa, nawe unapima muda wa kubembea ili upate kiasi cha mvutano wa dunia. Jibu lililo kitabuni ni 9.8. Ukikusanya madaftari 40 utakuta 9.8 katika 35, na mengine ni 9.79 na 9.81, kwa kuwa wenye akili zaidi huona kwamba 9.8 kamili inatia shaka. Kwa uzi wa katani na saa ya mkononi! Mwaka mmoja mwanafunzi mmoja, binti, aliandika 9.3, na pembeni akaandika kwamba uzi ulikuwa ukinyumbuka wakati jiwe linabembea, kwa hiyo huenda urefu alioupima kwanza haukuwa urefu wa kweli. Kwa mtindo wa kusahihisha uliokuwapo, jibu lake lilikuwa na alama chache kuliko la jirani yake aliyenakili. Hao wenzake 39 hawakuwa waovu. Walikuwa wamefundishwa tangu shule ya msingi kwamba kazi ya jaribio ni kufika kwenye jibu ambalo mwalimu tayari analo.

Hebu tumtazame mtu mmoja aliyekataa kufika kwenye jibu hilo. Raymond Davis, Mmarekani, alizamisha tangi la lita 380,000 katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, akalijaza kimiminika ambacho madobi wa kule hutumia kusafishia nguo bila maji. Nyutrino ya jua ikigonga klorini iliyomo, hupatikana atomi moja ya gesi ya agoni. Kazi yake ilikuwa kutafuta atomi hizo, chache za kuhesabika kwa vidole, katika tangi zima. Mwenzake, John Bahcall, alikuwa amepiga hesabu ya nyutrino zinazotakiwa kuonekana. Mwaka 1968 Davis alitoa matokeo yake ya kwanza: zilizoonekana zilikuwa chache mno, na kadiri miaka ilivyopita hesabu ikatulia kwenye kiasi cha theluthi moja tu. Watu wakasema tangi lake lina kasoro. Naye hakukasirika. Alitia ndani kiasi kidogo cha gesi alichokipima kwanza, akakitoa tena, akaonyesha kwamba tangi halipotezi kitu. Akaendelea kuhesabu, na kila mwaka akaandika ile ile theluthi. Aliendelea hivyo zaidi ya miaka 25, jambo ambalo kwa mtumishi wa leo anayedaiwa taarifa ya mafanikio kila robo mwaka ni vigumu hata kulifikiria.

Mwaka 2001 na 2002 mtambo mwingine huko Canada ulionyesha kwamba nyutrino, ambazo ziko za aina tatu, hubadilika njiani kutoka aina moja kwenda nyingine. Tangi la Davis lilikuwa na uwezo wa kuona aina moja tu. Davis hakukosea, na Bahcall hakukosea. Mwaka huo wa 2002 Davis alipokea Tuzo ya Nobel akiwa mzee wa miaka 88. Lakini tuzo hiyo isitupoteze. Kama jibu la Canada lisingepatikana akiwa hai, angekufa akijulikana kama mtu mwenye tangi bovu, na theluthi yake ingekuwa kweli vile vile.

Wale wa puto nao walijaribiwa. Katika safari yao ya kwanza na ya tatu walipata milio miwili ya ajabu, kama kwamba kitu kikali kimetoka ardhini kwenda juu, baada ya kupita katikati ya mwamba mwingi ambao hata nyutrino kali haitazamiwi kuupenya. Ingekuwa rahisi kupiga vigelegele. Wao waliandika kwamba wameona jambo wasiloweza kulieleza, wakaishia hapo. Mwaka 2020 wenzao wa IceCube walitafuta nyutrino zenye kulingana na milio hiyo, wasizione. Mwaka huo huo magazeti fulani ya Ulaya na Marekani yaliandika kwamba umegunduliwa ulimwengu mwingine ambamo wakati unakwenda kinyumenyume. Twaona basi tofauti kati ya watu wawili wanaotazama kitu kimoja.

Mtu aweza kusema: hayo ni mambo ya matajiri, wenye fedha za kununulia hata kutopata. Neno hilo lina haki yake. Shule ambayo watoto wanakaa chini haiwezi kushangilia antena za Greenland, nasi hatutajaribu kuishawishi. Ila tusichanganye maswali mawili. Kama fedha zilitumika pazuri ni swali la waliozitoa. Kama waliorudi mikono mitupu walifanya kazi ni swali jingine, na hapo jibu letu ni ndiyo, lakini kwa sharti. Kuna kutopata kwa mtu aliyelala chomboni, na kuna kutopata kwa mtu aliyekesha. Wavu mtupu hautuambii chochote mpaka tujue kwamba haukutoboka, ulitupwa wapi, na ulikaa majini saa ngapi. Kwa sababu hiyo watu wa barafu hufukia pia vyombo vidogo vya kupiga milio ya kujulikana, ili wapime kama antena zinasikia. Wakishajua kwamba zinasikia, ule ukimya unakuwa habari: nadharia fulani iliyosema kwamba nyutrino hizo ni nyingi inaanguka, kwa kuwa zingekuwa nyingi hivyo zingesikika. Nadharia kadhaa zimeanguka kwa njia hiyo.

Wakati huo huo wengine wamepata. Tarehe 13 Februari 2023, mtambo uliozamishwa karibu mita 3,450 baharini upande wa Sicily, kwa njia ya mwanga, ulinasa nyutrino moja yenye nguvu kuliko zote zilizopata kuonekana. Waliipima na kuipima tena, wakaitangaza Februari 2025. Watu wa antena walizipokea habari hizo wakiwa bado hawana yao.

Turudi ziwani kwetu, maana huku kutopata kuna bei. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Kila nyumba hapa Kigoma na Ujiji inaikumbuka miezi hiyo. Uamuzi wa namna hiyo hutegemea hesabu, na hesabu huanzia mwaloni, kwa mtu mwenye daftari anayeuliza chombo kimeleta nini. Tuchukue mfano wa darasani tu. Vyombo 10 vimetoka usiku. Vinne vimerudi na mabeseni 20 kila kimoja, na sita vimerudi vitupu. Mwenye daftari akiandika vile vinne tu, kwa kuwa ndivyo vilivyopakua, wastani ni mabeseni 20 kwa chombo, na ziwa linaonekana limejaa. Akiandika vyote 10, wastani ni manane. Hajasema uongo hata neno moja katika hesabu ile ya kwanza, na bado amewapa wakubwa ziwa ambalo halipo.

Je, mbona chombo kitupu hakijitokezi kuandikwa? Hapa lazima tumtazame anayeuliza. Nahodha anayerudi na wavu mkavu humkuta tajiri wa chombo amesimama ufukweni, na swali la kwanza la tajiri si upepo ulikuwaje, bali ni mmeuza wapi. Mabaharia hushukiwa kwamba wameuza samaki majini kwa chombo kingine, na mara nyingine, tuseme kweli, wameuza. Lakini ikiwa kila usiku mtupu ni kesi, nahodha atajifunza upesi kuleta kitu chochote, hata kwa nyavu zisizoruhusiwa au karibu na mazalia, kuliko kusimama pale na ukweli wake. Yule binti wa 9.3 alihitaji msahihishaji awezaye kuipokea 9.3. Davis alihitaji wenzake ambao, pamoja na kumtilia shaka, waliendelea kuzisoma taarifa zake. Wajibu wa kusema sikupata hauwezi kuwekwa wote juu ya mabega ya aliyetoka kukesha. Sehemu yake kubwa ni ya yule mwenye chombo, mwenye daftari, mwenye kalamu nyekundu.

Ndugu mmoja hapa mjini, mwenye vyombo viwili, ameanza kuweka daftari lake mwenyewe. Tulimwomba tulitazame. Lina safu tano alizozipigia mistari kwa rula: tarehe, umri wa mwezi, upepo, saa walizokesha, na mabeseni. Nahodha humwambia asubuhi, naye huandika papo hapo kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Katika safu ya mwisho sifuri ni nyingi, zimeandikwa kwa kalamu ile ile na kwa ukubwa ule ule kama tarakimu nyingine.